Pengo la Daraja la Alapa Lisizibwe

Idofin-Alapa,
Ukingo wa Mashariki.
Jumatatu asubuhi, siku tano kabla ya kura.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Habari za Alapa,
Oja-Alapa, ng'ambo ya mto.

Ndugu Mhariri,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba daraja hujengwa ili watu wavuke mto. Nimelisahihisha kosa hilo barazani, kanisani na kwenye foleni ya maji, nikaamini limekwisha. Kisha Alhamisi iliyopita nikafungua gazeti lako, ukurasa wa tatu, nikakuta umechapa barua ya mtu asiyejitaja jina, anayewataka wagombea wote wawili wa ugavana watie sahihi ahadi ya kuziba pengo la Daraja la Alapa kabla ya mvua kubwa.

Nimeisoma mara tatu. Sikulaumu wewe. Nakukumbuka ukiwa darasa la nne, Adegoroye mwanangu, dawati la pili karibu na dirisha. Ulikuwa mwepesi wa kusoma na mzito wa kujumlisha. Kwa hiyo nitaeleza polepole, na nitatia namba. Nina malalamiko matano, kisha maombi machache.

1. Lalamiko la kwanza ni la ukweli wa mambo.

Mwandishi wako anasema daraja letu "halijakamilika". Hapo amepotosha wasomaji. Daraja la Alapa limefunguliwa rasmi mara mbili, na madaraja mengi mazima ya jimbo hili hayajafunguliwa hata mara moja. Chifu Morakinyo Alabede, alipokuwa gavana, alianza kulijenga kutokea upande wenu, ambako ana wapiga kura wengi. Alipokaribia katikati ya mto muda wake ukawa unaisha, akakata utepe, kisha akashindwa uchaguzi. Daktari Kolapo Adetimehin alipoingia alisema wazi kwamba yeye haendelezi kazi ya mtu mwingine. Akaanza daraja lake mwenyewe, kutokea upande wetu. Naye alipokaribia katikati akakata utepe.

Nusu yenu ni ya kijani, nusu yetu ni ya buluu, na kila moja ina jiwe la marumaru linalosema nani alilifungua daraja. Kati ya kijani na buluu kuna hatua kumi na mbili. Tena nusu ya buluu iko juu zaidi kwa shubiri mbili, kwa sababu Daktari aliwaagiza mafundi wahakikishe daraja lake haliwi chini ya la mtangulizi wake. Wapinzani huzicheka hizo shubiri mbili. Mimi nasema ndiyo ahadi pekee ya kampeni iliyotekelezwa kwa kipimo.

Sasa Chifu anataka kurudi na Daktari hataki kuondoka, na kila mmoja ametoa maelezo yake kuhusu pengo. Chifu anasema halikuwepo enzi zake. Ni kweli kihesabu, maana pengo huhitaji kingo mbili, na enzi zake palikuwa na ukingo mmoja tu. Daktari anasema serikali yake imelipunguza pengo kwa nusu. Hilo nalo ni kweli. Mbele ya watu wawili wanaosema kweli, mwandishi wako anamtafuta mwongo wa nini?

Na asidhani hatuvuki. Tunavuka. Sulemonu seremala alitulazia magogo mawili ya michikichi akayapigilia mbao juu yake, na mtu mwenye akili timamu na viatu vikavu anafika. Mitumbwi ndiyo haipo, maana ilipigwa marufuku siku daraja lilipofunguliwa mara ya kwanza. Mji wenye daraja una haja gani ya mitumbwi?

2. Lalamiko la pili ni kwamba mwandishi wako ameficha faida.

Kila baada ya miaka minne barabara yetu husawazishwa kwa greda mpaka inapoanza nusu ya buluu. Mwaka huu tumeletewa transfoma, ikaingia mjini kwa nyimbo na farasi wawili. Bado haijaunganishwa, lakini imewekwa mahali pazuri na mbuzi wanapata kivuli. Tumegawiwa wali uliokolezwa nyanya na pilipili kwenye vikasha vyenye picha ya mtu anayecheka. Wanawake wa soko wameshonewa vitenge. Mama Sikira, muuza ugali wa amala, yeye hujifunga kanga ya mgombea mmoja kiunoni na kilemba cha mwingine kichwani, na mtu akimuuliza anamjibu, "Aliye juu ananipa kivuli, aliye chini ananipa joto. Wewe umenipa nini?" Miwani ninayoandikia barua hii nilipewa na watu wa kijani. Kalamu ni ya buluu. Inavuja kidogo, samahani kwa madoa.

Jiulize, haya yote yangekuja kwa sababu gani kama daraja lingekuwa zima? Itazame Oke-Ipa. Walipata daraja lao miaka kumi na mitano iliyopita, zima, la kutoka huku hadi kule. Tangu siku hiyo hawajamwona gavana wala mgombea. Binamu yangu anaishi huko. Nilipomtembelea wakati wa sikukuu ya viazi vikuu alinionyesha barabara kwa kidole akasema, "Kaka, sisi tunawaona kupitia vioo vya magari. Wanapita mbio, hata honi hawapigi. Nyinyi mna bahati, kwenu lazima wasimame, la sivyo watatumbukia."

Kwa hiyo hatua kumi na mbili za hewa ndizo mali yetu kubwa. Miji mingine ina kakao, na mingine ina chuo kikuu. Mwandishi wako anataka tuzibe kisima chetu wenyewe.

3. Lalamiko la tatu linahusu heshima za mji, na hapa ninasema nikiwa Katibu wa Baraza la Machifu, kazi ninayoifanya kwa miaka kumi na tisa sasa.

Sisi, kama ujuavyo, ni watu wa kusalimu. Tuna salamu ya mtu aliyekaa, ya mtu aliyesimama, ya mtu aliye kazini na ya mtu aliyenyeshewa. Mtu akisema anakusudia kufanya kazi, sisi tunamshukuru papo hapo, maana kungoja mpaka kazi iishe ndipo umshukuru ni dalili ya kutomwamini. Kwa adabu hiyo, Chifu Alabede alipokuja kutuambia kwamba anawaza habari ya daraja, tulimvika kofia na shanga tukamtunuku cheo cha Atunluse, yaani mtengenezaji wa mji, kabla jiwe la kwanza halijashuka kwenye lori. Nilimwandikia mimi mwenyewe hotuba ya sifa. Ilikuwa kurasa nne.

Miaka minne baadaye Daktari Adetimehin akaja akasema na yeye anawaza. Cheo cha Atunluse hakivuliwi mtu aliye hai, na Chifu ana afya njema. Tukakaa siku mbili. Mfalme akauliza, "Katibu, hakuna kitu kilicho juu ya mtengenezaji?" Nikajibu, "Kabiyesi, kunaweza kuwepo mkubwa wa watengenezaji." Akawa Aare Atunluse. Hotuba ya sifa nilitumia ile ile, nikabadilisha jina na ukurasa wa mwisho, kwa kuwa daraja lililosifiwa lilikuwa lile lile na bado lilikuwa halipo.

Sasa tazama hatari iliyoko. Chifu akishinda Jumamosi atarudi hapa akiwa mdogo wa Aare kwa cheo na mkubwa wake kwa kiti. Atataka kupandishwa. Nimepekua daftari la vyeo vya mji tangu enzi za babu yake Mfalme, na juu ya mkubwa wa watengenezaji kimebaki cheo kimoja tu, nacho ni cha Mfalme mwenyewe. Na mtu akilimaliza daraja kweli kweli, tutamtunuku nini? Tumeshatoa shukrani zote. Ghala ni tupu. Kwa heshima ya Baraza, naomba daraja lisije likamalizwa wakati hatuna cha kumpa aliyelimaliza.

4. Lalamiko la nne ni la usalama wa raia.

Pengo hutunza amani. Nitakueleza ya Ijumaa, ijapokuwa mpiga picha wako alikuwepo, maana alikuwa upande wenu, nyuma ya umati, na alipiga picha za migongo tu.

Unajua kwamba kambi zote mbili zimejenga majukwaa kwa ajili ya mikutano ya mwisho, la Daktari mwanzoni mwa nusu ya buluu, la Chifu mwanzoni mwa nusu ya kijani. Ni majukwaa ya fahari, boriti za mvule za hatua kumi kila moja, zulia juu, na kiti cha Mheshimiwa chenye mito. Sulemonu alizitazama zile boriti kama mtu anayetazama harusi ya mchumba wake wa zamani. Basi Ijumaa, kwa makosa ya ratiba, wagombea wote wawili wakaja saa ile ile. Kila mmoja akashuka jukwaani akatembea mpaka ukingoni mwa nusu yake, vipaza sauti vikaburutwa nyuma yao, wakawa wanatazamana.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Chifu ni mkubwa wa Daktari kwa miaka kumi na mmoja, na kwetu mdogo akikutana na mkubwa hulala kifudifudi, apake joho lake la agbada vumbi. Lakini gavana halali mbele ya mtu yeyote. Kama zege lingekuwa limeunganika, mmoja angelazimika kwenda chini mbele ya watu elfu mbili, na mwingine asiposalimiwa vijana wake wangevuka kudai salamu hiyo kwa marungu. Pengo likawaokoa.

"Kolapo, mdogo wangu," Chifu akasema, "njoo unisalimie. Mkubwa hasalimiwi kwa kipaza sauti."

"Shikamoo yako naitoa hapa hapa, kaka," Daktari akajibu. "Ningekuja, lakini nusu yako imeishia njiani."

"Yangu ilifika ilipotumwa. Yako ndiyo iliyochoka ikiwa bado kijana."

Ayanwale mpiga ngoma, ambaye amekodiwa na kambi zote mbili, alikuwa amesimama kwenye ncha ya buluu akimsifu huyu akigeuka kumsifu yule. Mama Sikira akamwambia, "Ayanwale, geuza hiyo shingo taratibu. Ikikatika kabla ya Jumamosi utapigaje kura mbili?"

Wakati huo huo mjukuu wangu Titilope alikuwa anarudi kutoka kliniki kwenu, kadi yake imefungwa kwenye pindo la kilemba, tumbo limemtangulia. Hakuwa na njia nyingine. Akapanda juu ya magogo.

"Mwacheni mama apite," kipaza sauti cha kijani kikanguruma. "Mnaona? Anatoka kwenye maendeleo."

"Anakuja kwenye maendeleo," kikajibu cha buluu.

Sauti zile zilikuwa na nguvu kiasi kwamba mbao zilianza kucheza. Titilope alisimama katikati, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika hewa. Hakupaza sauti, lakini wote tulimsikia.

"Wazee wangu, shikamooni nyote wawili. Naomba mnyamaze kidogo. Ubao unatetemeka."

Wakanyamaza. Nilihesabu. Zilikuwa hatua saba za ukimya, mpaka alipokanyaga zege la buluu, na ndiyo kazi pekee ambayo watu hao wawili wamewahi kuikamilisha kwa pamoja. Mama Sikira akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, ukipumzika rudi uvuke tena, tupumzishe na masikio." Kisha vipaza sauti vikawaka upya, na kila mgombea akamshukuru mama yule kwa kumuunga mkono.

5. Lalamiko la tano ni la uzazi, na najua hapa ndipo mwandishi wako anapotegemea kuwaliza wasomaji.

Anasema zahanati iko upande wenu na nusu ya wanawake wajawazito wako upande wetu. Takwimu hiyo naikubali. Naiongezea moja. Binti yangu Folasayo alijifungulia upande huu miaka ishirini na mitatu iliyopita, usiku wa mafuriko, wakati hatukuwa na nusu ya daraja hata moja. Mtoto, ambaye ndiye Titilope, alibaki. Folasayo hakubaki. Sitaji jambo hili kuomba huruma. Nalitaja ili hesabu iwe kamili.

Lakini tufikiri kama watu waliosoma. Shida si pengo, shida ni tarehe. Wakati wa kampeni kuna gari la wagonjwa katika kila msafara, pande zote mbili za mto, na waheshimiwa hugombania kupigwa picha na watoto wachanga. Mwanamke akijifungua ndani ya miezi hiyo mitatu anaweza kubebwa na gavana mwenyewe. Tatizo ni wanawake wanaopata mimba bila kuangalia kalenda ya uchaguzi. Titilope mwenyewe ameambiwa na Nesi Monilola kwamba siku zake ni mwisho wa wiki ijayo, yaani wiki nzima baada ya misafara kuondoka. Nilimketisha nikamweleza alivyokosea.

Akasema, "Babu, nimwambie mtoto aharakishe awahi kura?"

Nikamwambia aharakishe, au asubiri miaka minne.

"Na matokeo yakipingwa mahakamani?"

"Hapo atakuwa na muda wa kutosha," nikamwambia, "kesi huchukua miezi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza, bila kucheka, kama magogo ya Sulemonu yatastahimili mpaka wiki ijayo. Nikamwambia yatastahimili. Mimi ni mwalimu mstaafu, si fundi, lakini babu akiulizwa swali kama hilo ana jibu moja tu.

Baada ya malalamiko hayo, ninaomba kwa unyenyekevu gazeti lako liwasihi wagombea wote wawili watie sahihi ahadi nyingine badala ya ile. Waape kwamba hakuna atakayeziba pengo, ashinde asishinde. Pengo litangazwe kumbukumbu ya taifa na liwekewe jiwe lake la marumaru, ingawa sijajua litasimama juu ya nini. Mvua iombwe rasmi isinyeshe nje ya msimu wa kampeni. Mimba zote za ukingo wa mashariki zisajiliwe kwenye kamati za vyama, ili kila mtoto apangiwe tarehe ya kuzaliwa na kambi itakayempokea. Na kwa kuwa hatua kumi na mbili zile hazimo katika serikali ya aliyepita wala ya aliyepo, ziwe jimbo linalojitegemea, na mtu yeyote atakayetumbukia humo ahesabiwe amehama.

Haya yakitekelezwa, naamini tutaendelea kutembelewa vizazi na vizazi, kama kutakuwa na vizazi.

Nisalimie mkeo na watoto. Msalimie mama yako, umwambie mbegu za bamia alizonipa zimeota zote. Wasalimu wachapaji, mpiga picha wa migongo, Nesi Monilola, na machifu wenzetu wa upande huo, wa kijani na wa buluu, na yule mzee mmoja wa Oja-Alapa ambaye hadi leo hajapata fulana ya mtu yeyote.

Ni mimi mwalimu wako, mwenye subira,

Josaya Oyewumi Falohun,
Mwalimu Mkuu mstaafu, Katibu wa Baraza la Machifu, Idofin-Alapa.

Baada ya sahihi. Jumatatu hiyo hiyo, saa tisa alasiri.

Adegoroye, futa namba moja hadi tano.

Mvua imenyesha milimani tangu jana. Maji yalifika hapa saa sita mchana, mekundu, yakiwa na miti mizima, na yamechukua magogo ya Sulemonu yote mawili kama mtu anayeokota vijiti. Muda si mrefu baada ya hapo Titilope akashikwa na uchungu. Mtoto amenisikiliza, ameamua kuwahi kura. Misafara yote miwili iko makao makuu ya jimbo leo kwa mdahalo wa redio, na magari ya wagonjwa yameifuata. Mama Sikira amezalisha wengi na anasema kuna muda, lakini anasema pia mtoto amekaa vibaya, na kwamba hii si kazi ya mikono yake. Nimeiona sura yake aliposema hivyo. Niliwahi kuiona sura hiyo miaka ishirini na mitatu iliyopita.

Sulemonu amesema boriti za majukwaa. Za hatua kumi kila moja. Zikisukumwa kutoka huku na kutoka huko, zitapishana katikati na kubaki na urefu wa kukaliwa huku nyuma, watu wakae juu ya ncha zake kama mawe mpaka zipigiliwe. Nilidhani vijana wa buluu watakataa. Kiongozi wao, Kehinde, alisimama mbele ya jukwaa akauliza, "Mheshimiwa akija kesho atahutubia wapi?" Mama Sikira alikuwa tayari anakunja zulia. Akamwambia, "Atahutubia juu ya daraja, mwanangu, kama ameshawahi kuliona. Shika pembe hiyo." Akashika. Sasa wako thelathini na zaidi, fulana zote za buluu, wamekaa juu ya ncha za boriti wakisubiri, na ni mara ya kwanza uzito wa wafuasi kupata kazi. Ubishi uliotokea ni mmoja tu, kama boriti za buluu zilale juu ya za kijani au chini yake. Sulemonu akawajibu, "Za juu zitakuwa juu kwa sababu ziko juu. Kura zenu mtapiga Jumamosi."

Titilope tumembeba kwa kiti cha Mheshimiwa, chenye mito. Yuko hapa ukingoni, ananitazama ninavyoandika. Ameniuliza kama bado nalalamika. Nimemwambia hapana.

Upande wenu ndiko kulikokwama. Vijana wanane wa Chifu wanalilinda jukwaa la kijani. Nesi Monilola yuko nao, tunamwona, amevua viatu, anawasihi. Wanatupigia kelele kwamba hawawezi kugusa ubao hata mmoja bila barua ya Chifu. Sulemonu amewajibu maneno ambayo sitayaandika. Mimi nimewaambia kwa sauti yote niliyobakiwa nayo kwamba barua wataipata. Sikusema itakuwa ya nani. Ukija wewe mwenyewe watakuheshimu; wanalisoma gazeti lako, na wawili kati yao niliwafundisha pamoja nawe.

Barua hii imefungwa kwenye jiwe. Ayanwale ndiye mwenye mkono mzuri, atairusha, na Monilola atakuletea mbio. Usiichape. Usiisome mara ya pili.

Funga ofisi sasa hivi, uje darajani na nyundo.